Mwanangu Alikataa Kushuka

Ndugu wasomaji, na hasa nyinyi mlio wake na waume wa askari, naomba nafasi katika ukurasa huu nieleze kosa nililomfanyia mwanangu, na namna mto ulivyonisahihisha. Sielezi ili nionewe huruma. Naeleza kwa sababu najua kwamba katika kambi zetu wapo wazazi wengi wanaolifanya kosa hilo hilo, nao hudhani kuwa wanalea.

Mimi ni mtumishi wa serikali mwenye umri wa miaka 37. Nilisomea ualimu, nikapata cheti cha daraja la tatu, nikafundisha darasa la nne kwa miaka saba. Kisha nikahamishiwa ofisi ya elimu ya wilaya, ambako kazi yangu ni majalada, barua na orodha za walimu. Mume wangu ni sajini jeshini. Mungu ametujalia watoto wawili: mvulana, ambaye wakati wa habari hii alikuwa na miaka 14, na dada yake wa miaka 6.

USIKU WA MTO NABUYONGA

Ili msomaji anielewe, sina budi kurudi nyuma hadi mwezi wa Julai 2022. Wakati huo mume wangu alikuwa Somalia pamoja na majeshi ya Umoja wa Afrika. Mimi na watoto tulikuwa tumepanga nyumba ya vyumba viwili mjini Mbale, si mbali na Mto Nabuyonga. Usiku wa kuamkia tarehe 31 mvua kubwa ilinyesha, na mito ya Nabuyonga na Namatala ikafurika. Wasomaji wengi watakumbuka msiba ule. Zaidi ya watu 20 walipoteza maisha katika mji wa Mbale na viunga vyake.

Aliyeamka kwanza nyumbani mwetu alikuwa mwanangu, naye alikuwa na miaka 12 tu. Aliniamsha akisema, "Mama, sakafu ina maji." Kabla sijapata kiberiti, maji yalikuwa yamefika magotini. Nilinyakua mkoba wenye vyeti na karatasi za baba yao. Yeye alimbeba dada yake mgongoni. Tulipotoka nje maji yalimfika kijana kifuani, na giza lilikuwa zito. Alishika ukuta wa jirani, akatembea kwa kupapasa, hatua kwa hatua, mpaka tukafika kwenye kilima cha shule. Bibi mmoja aliyekaa nyumba ya pili kutoka kwetu, ambaye alikuwa na desturi ya kumtuma mwanangu dukani, hakutoka. Alipatikana siku ya pili.

Baada ya hapo tulipewa nyumba kambini, mahali palipoinuka, na nikadhani mambo yamekwisha. Hayakwisha kwa kijana. Kila mvua ilipoanza kupiga mabati usiku, aliamka, akavaa viatu, akamvisha dada yake viatu vyake, kisha akaketi kando ya mlango mpaka mvua ikatike. Wenzake walipokwenda kuogelea mtoni, yeye alibaki. Watoto wa kambi hawakawii kumpa mtu jina. Walimwita Paka, kwa kuwa paka haipendi maji.

Siku moja nilikuwa nimeketi barazani na akina mama wenzangu tukichambua mchele. Mawingu yakatanda, mwanangu akapita mbio kwenda kumtafuta dada yake. Jirani mmoja akasema, "Mtoto wa sajini anaogopa mvua!" Wote wakacheka. Nami, kwa aibu, nikacheka pamoja nao. Kijana aligeuka akanitazama, kisha akaendelea na safari yake. Sikulitia jambo hilo maanani siku ile. Moyoni nilikuwa nikiwaza jinsi gani nitamtoa mwanangu woga, ili baba yake akirudi asimkute hivyo.

SAFARI YA SIPI

Kambini tunacho chama cha akina mama cha kuweka na kukopa. Mwaka 2024 tuliamua kwamba akiba ya miezi mitano itumike kuwapeleka watoto matembezini wakati wa likizo ya muhula wa pili. Mahali palipochaguliwa ni maporomoko ya Sipi, upande wa Kapchorwa. Yapo huko mashindano ya aina yake yanayopendwa na watalii: mtu hufungwa kamba, akashuka taratibu ubavuni mwa jabali, karibu kabisa na maji yaangukayo, kisha akafuata korongo la mto kwa miguu, akipita juu ya mawe na ndani ya vidimbwi, akiongozwa na mwenyeji anayeijua njia. Asiyetaka kamba huteremka kwa njia ya miguu na ngazi, akakutana na wenzake chini.

Katibu wetu alipopitisha orodha ya watakaoshuka kwa kamba, niliandika jina langu na jina la mwanangu. Sikumwuliza. Nilijiambia kwamba akishuka mara moja mbele ya wenzake, jina la Paka litakufa siku hiyo hiyo. Jioni mume wangu alipopiga simu kutoka Somalia, nilimweleza kwa furaha. Akauliza, "Umemwuliza mwenyewe?" Nikajibu, "Atafurahi." Akanyamaza kwa muda. Nikasingizia mtandao.

Jumamosi ya mwisho ya mwezi Agosti tulipanda teksi mbili kutoka Mbale alfajiri. Barabara hupita uwanda kwanza, kisha hugeuka na kuanza kuupanda Mlima Elgon. Mlima huu ni volkano iliyozimika zamani sana, na kilele chake cha Wagagai kina urefu wa mita 4,321. Mashamba ya migomba na kahawa yamepanda mpaka kwenye genge, na ukitazama nyuma unaiona nchi tambarare imetandazwa chini kama mkeka. Wasabini wenyeji wa huko walikuwa bado katika sherehe. Wiki nne tu zilikuwa zimepita tangu Joshua Cheptegei, mwana wa Kapchorwa na afisa wa polisi, ashinde medali ya dhahabu ya mbio za mita 10,000 huko Paris. Watoto wetu waliimba jina lake njia nzima. Mzee mmoja tuliyemkuta kituoni akatukumbusha kwamba kabla yake alikuwapo Stephen Kiprotich, askari magereza, aliyeshinda mbio za marathoni London mwaka 2012. "Mlima huu," alisema mzee, "huwafundisha watu kupumua."

Sipi ina maporomoko matatu, nalo lililo kubwa lina urefu wa karibu mita 100. Wenyeji husema kwamba jina lenyewe latokana na mmea uitwao sep, unaofanana na mgomba wa porini na unaoota kandokando ya mto. Tulipokaribia tuliusikia mngurumo kabla ya kuyaona maji. Nilimtupia mwanangu jicho. Alikuwa ameshika mkono wa dada yake, na midomo yake ilikuwa imekauka.

MAFUNZO YA KIONGOZI

Kiongozi wetu alikuwa kijana wa Kisabini asiyezidi miaka 25, mpole, mwenye maneno machache. Mimi niliyekuwa mwalimu napenda kuona kazi ya kufundisha ikifanywa vizuri, na yeye aliifanya vizuri. Alituketisha majanini karibu saa nzima kabla ya kumgusisha mtu kamba.

Kwanza alituonyesha vyombo: kofia ngumu ya kukinga kichwa dhidi ya mawe, mikanda mipana inayofungwa kiunoni na mapajani, pete za chuma zenye kufuli, na chuma kidogo chenye umbo la tarakimu nane. Kamba hupitishwa katika chuma hicho na kukizunguka, na msuguano wake ndio unaopunguza mwendo. Mkono mmoja wa mshukaji huishika kamba chini ya nyonga. Akiukaza na kuurudisha nyuma, anasimama, na akiulegeza kidogo, anashuka. Ipo pia kamba ya pili, ya usalama, inayoshikwa na mwongozaji juu, ili mtu akikosea asianguke.

Kisha akazungumza juu ya maji, na hapo sauti yake ikabadilika. Alisema kwamba mvua inayoua watu korongoni si ile inayowanyeshea wao. Ni ile inayonyesha mbali, kule juu msikoiona. Huku chini jua linawaka, watu wanacheka, na wakati huo huo maji yako njiani. Kwa sababu hiyo kabla ya kila safari humpigia simu ndugu yake anayekaa juu mlimani kuuliza hali ya mawingu. Alimpigia mbele yetu. Jibu likawa kwamba kuna mawingu kidogo, lakini hakuna mvua.

"Hata hivyo," alisema, "nikipuliza filimbi mara tatu, kila mtu aache alichoshika na apande ukingo wa kulia. Hakuna kuuliza kwa nini. Mtaniuliza tukiwa juu."

Akauliza kama kuna mwenye swali. Watu wakakaa kimya. Mwanangu akanyoosha mkono, akauliza, "Maji yakibadilika rangi, ni dalili?"

Kiongozi alimtazama vizuri kabla ya kujibu. "Ni dalili kubwa. Ukiyaona kabla yangu, nipigie kelele."

JUU YA GENGE

Zamu zilianza. Mama wa kwanza alishuka akipiga kelele, wa pili akiomba Mungu, wa tatu akiimba. Kisha likaitwa jina la mwanangu. Alisogea. Alikubali kuvishwa mikanda na kofia. Alifika ukingoni, akageuka mgongo kama alivyofundishwa, akachungulia chini. Mvuke wa maji ulipanda ukamlowesha uso. Akasema, kwa sauti iliyosikika na kila mtu, "Sishuki."

Nilimsihi. Nikamwambia ni jambo dogo, mama fulani mwenye mwili wake ameshuka, yeye je? Akatikisa kichwa. Nyuma yangu niliwasikia watoto wawili wakinong'ona, "Paka." Damu ikanipanda kichwani. Ndipo nikasema neno ambalo natamani ningelimeza: "Baba yako yuko vitani, na wewe unaogopa kamba?"

Mwanangu hakunijibu. Aliyejibu ni kiongozi. Alisema kwa heshima, lakini bila kutetereka, "Mama, kamba yangu haimshushi mtu aliyesema hapana. Anayelazimishwa huusahau mkono wake, na mkono ndio breki." Hapo hapo akaanza kumvua mikanda. Kisha akamwambia, "Nenda na wadogo kwa njia ya ngazi. Nahitaji mtu mkubwa wa kuwatazama." Kijana akamshika dada yake mkono, akaondoka bila kunitazama.

Zamu yangu ikafika. Niliona kwamba sasa aibu ya nyumba nzima iko juu yangu, nikajitia ushujaa, nikaliacha genge. Hatua kumi za kwanza zilikwenda vizuri. Nilipofika kama katikati, mguu mmoja uliteleza juu ya kuvu, nikajigonga bega mwambani, nikasimama. Nikajaribu kuulegeza mkono, mkono ukakataa. Sikuweza kushuka, sikuweza kupanda. Mngurumo wa maji ulimeza kila sauti, hata yangu mwenyewe. Magoti yalitetemeka, nami sikuwa na uwezo wa kuyakataza.

Sijui nilikaa hivyo kwa muda gani. Pengine ni dakika tatu, pengine tano. Lakini katika muda huo nilifikiri jambo ambalo sikuwa nimelifikiri kwa miaka miwili. Nilikuwa nimefungwa kamba mbili, mchana kweupe, mtu mzima, na mtaalamu amenishika kwa juu, na bado mwili wangu uliniasi. Mtoto wa miaka 12 alisimama ndani ya maji ya kifuani, gizani, pasipo kamba, na mzigo wa mtoto mgongoni, na miguu yake haikumwasi. Tangu usiku ule hakuna mtu aliyemwambia ahsante. Jina alilopewa ni Paka, na mama yake alicheka.

Hatimaye niliuona mkono wangu ukilegea, kidole kwa kidole. Nilishuka polepole kama kinyonga. Chini kabisa, msaidizi wa kiongozi aliponifungua, nilimkuta mwanangu amesimama pembeni. Alikuwa ameteremka na viatu vyangu, vile nilivyoviacha juu, na akaviweka mbele ya miguu yangu bila kusema neno.

FILIMBI TATU

Tulifuata korongo kuelekea chini kwa muda wa saa moja, tukikanyaga mawe na kuvuka vidimbwi vya maji baridi na safi. Ulipofika wakati wa chakula tulipata mwamba mpana, bapa kama meza, ulio kando ya maji. Tukafungua sufuria na vikapu: matoke, chapati, mayai ya kuchemsha, na malewa yaliyopikwa kwa karanga, kama ijulikanavyo kwetu Mbale. Mbingu juu ya vichwa vyetu ilikuwa buluu. Watoto walivua viatu wakachovya miguu majini. Binti yangu alitaka kuvua vyake, kaka yake akamkataza. Nikamkemea kwamba anamnyima mtoto raha. Alinisikia, lakini hakumruhusu.

Yeye mwenyewe hakuketi kula. Alisimama na chapati mkononi akiutazama mto upande wa juu. Ilikuwa yapata saa nane mchana. Mara nikamsikia akiita, "Kaka! Maji yanabeba majani."

Kiongozi alikuwa ameinama akifunga kamba. Aliinuka akatazama. Nami nilitazama, na kwa kweli sikuona kitu cha kutisha: majani machache, vijiti viwili vitatu, na pembezoni povu lenye rangi ya chai. Kiongozi hakungoja kuona zaidi. Alipuliza filimbi mara tatu.

Hapo ndipo nilipojua kwamba kusikia amri na kuitii ni vitu viwili. Sisi watu wazima, wake wa askari, tulianza kukusanya sahani. Mmoja akasema, "Ngoja nifunike malewa." Mwingine aliyekwisha kupanda alirudi kuchukua chupa ya chai. Wakati huo mwanangu alikuwa amekwisha mtia dada yake mgongoni, amemshika mtoto mwingine mkono, naye anapanda ukingo wa kulia. Waliokuwa peku walichelewa, wakilia kwa mawe makali. Binti yangu alikuwa na viatu vyake. Kiongozi alimkamata mkono yule mwenye chupa, akamsukuma juu kwa nguvu, bila kuomba radhi.

Tulipofika juu tuligeuka. Sauti ya mto ilikuwa imebadilika, na upepo wa baridi wenye harufu ya udongo ulitupiga usoni. Maji yalikuja mekundu, si kama ukuta wanaousimulia watu, bali kama mtu anayejaza karai kwa haraka. Haikupita robo saa, ule mwamba tuliolia chakula ukawa hauonekani. Sufuria yetu kubwa ilizunguka mara moja, ikaenda zake. Hakuna aliyepoteza zaidi ya sufuria na viatu. Kiongozi alituambia kwamba jambo kama hilo hutokea mara kadhaa katika msimu wa mvua, wala si ajabu kwao. Alipompigia simu ndugu yake, akaambiwa kwamba mvua ilianza ghafla huko juu, na mtandao ulikuwa umekatika.

Kisha akamgeukia mwanangu, akamwuliza, "Nani alikufundisha kuusoma mto?"

Kijana akajibu, "Mbale."

Hakuna aliyecheka.

HESABU YA MAJI

Niruhusuni hapa niwe mwalimu kidogo. Watu wengi hupuuza maji ya magotini. Lakini mita moja ya ujazo wa maji ina uzito wa kilo 1,000, sawa na tani nzima. Tena mwendo wa maji ukiongezeka mara mbili, nguvu yake ya kumsukuma mtu huongezeka mara nne. Katika uwanda maji hupata pa kutawanyika. Korongoni kuta humbana, hayana pa kwenda ila juu na mbele. Ndiyo maana kijito cha kuchezea watoto huweza kuwa mwuaji katika dakika chache.

Wala msidhani kwamba hayo huwapata wajinga tu. Tarehe 27 Julai 1999, huko Uswisi, karibu na mji wa Interlaken, kundi la vijana wageni lilikuwa likishuka korongo la mto pamoja na waongozaji wao. Mvua ya dhoruba ilinyesha upande wa juu, na maji yakawakuta ndani. Walikufa watu 21, wakiwamo waongozaji watatu. Kwa jirani zetu wa Kenya, katika korongo la Hifadhi ya Hell's Gate karibu na Naivasha, mafuriko ya ghafla yaliwaua watu saba mwaka 2012, na wengine saba mwaka 2019, mmoja wao akiwa mwongozaji. Wote hao walikwenda matembezini kama sisi.

Kwa hiyo nazishauri familia zitakazokwenda kwenye mito na makorongo zishike mambo haya. Msiende bila mwenyeji anayejua njia na vyombo vyake. Ulizeni hali ya mvua huko mto utokako, si hapo mlipo tu. Kabla ya kuingia, kila mtu, hata mtoto, ajue ni wapi pa kupandia. Msile wala kupumzika kando ya maji mahali ambapo kuta ni nyembamba. Watoto wasivue viatu. Mkiona majani na vijiti, rangi ikibadilika, sauti ikikua, au hata maji yakipungua ghafla pasipo sababu, ondokeni kwanza, sababu zitafuata. Na mtu akisema hapana, msimlazimishe.

YALIYOSEMWA NJIANI

Wakati wa kurudi mwanangu aliketi karibu nami, dada yake akiwa amelala mapajani mwake. Tulipokwisha teremka mlima nilimwambia polepole, ili wengine wasisikie, "Baba, nisamehe."

Alitazama nje dirishani. Nilidhani hatajibu. Kisha akasema, "Si kitu, mama. Lakini usinicheke tena."

Ndugu wasomaji, nimesikia karipio la wakaguzi wa shule na la wakubwa wa ofisi. Hakuna lililoniingia kama hilo.

Usiku nilimsimulia mume wangu kila kitu kwa simu, pamoja na neno baya nililolisema juu ya genge. Safari hii mtandao ulikuwa mzuri, kwa hiyo nilijua kwamba kimya chake kilikuwa chake. Mwishowe alisema, "Unadhani huku hatuogopi? Mtu asiyeogopa sitaki kwenda naye doria. Namtaka yule anayeona majani majini. Mpe simu kijana." Walizungumza karibu nusu saa. Sikuwasikiliza. Nilitoka nje nikaketi barazani.

Nilipokuwa mwalimu niliwafundisha watoto methali isemayo kwamba kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Niliwaeleza kuwa maana yake ni kumdhihaki mwoga. Nilikosea. Waliotuachia methali hiyo walikuwa wakisema kwamba nyumba ya mwenye hadhari hubaki na watu wa kucheka ndani yake. Sisi tunaoishi kambini tunasikia habari za ushujaa kila siku, na ni haki yetu kujivunia. Lakini mara nyingi tunawadai watoto wetu ushujaa wa kuonyeshwa watu, na ule waliokwisha kuutenda hatuuoni. Mtoto aliyeona kifo akakitambua hana ugonjwa wa woga. Anayo elimu aliyoinunua kwa bei kubwa kuliko ada yoyote ya shule. Wajibu wa mzazi ni kumsaidia aibebe bila kuvunjika mgongo.

Jina la Paka bado lipo, maana watoto ni watoto, ila siku hizi hutajwa kwa namna nyingine. Mwezi wa Novemba mwaka ule ule, ardhi ilipoporomoka huko Bulambuli na kuzika nyumba za watu pamoja na wenyewe, mvua ilikuwa ikinyesha kwetu pia usiku kucha. Niliposikia mabati yakianza kulia, niliamka. Mwanangu alikuwa tayari ameketi kando ya mlango, na dada yake amevaa viatu. Sikumwambia arudi kulala. Nilivaa viatu vyangu, nikavuta kigoda, nikaketi karibu naye mpaka mvua ilipokatika.